Maneno ya Mwanamke wa Ngazini

Tarehe 3 Februari

Mke wangu,

Nimefika. Neno hilo lisome mara mbili, halafu wasomee na wale majirani waliosimama mlangoni wakicheka siku nilipofunga virago. Nimefika, na ngazi zipo. Ni zile zile za kwenye filamu, za mawe, zimepakwa buluu, zinaanzia ziwani zinapanda katikati ya nyumba mpaka huko juu ambako macho hayafiki. Nilizigusa kwa mkono wangu. Watu walinitazama, nikawaacha wanitazame.

Mpe salamu mdogo wako Spika. Mwambie katika ukoo wenu wote ni yeye peke yake aliyenifaa. Siku ile pale kwenye ukumbi wake wa filamu watu walikuwa wanatafuna karanga na kupiga domo, wengine wamelala, na yeye amekaa mbele na kipaza sauti akitutafsiria kila neno la ile filamu. Mimi tu ndiye niliyesikia filamu inasema nini. Wengine waliona mwanamume na begi, wakaenda zao nyumbani.

Usiniulize narudi lini. Nimeishi miaka yote kichwa kikiwa ndani ya friji za watu, nanusa samaki wao walioharibika, nawe ukaona hayo ndiyo maisha. Nikiwafikiria ninyi huko, mnaamka, mnafagia, mnauliza bei ya viazi, mnalala, nawaonea huruma. Ila haidumu, maana huku kuna mengi ya kutazama.

Mumeo, aliyeona mbali.


Tarehe 21 Februari

Bwana Msafiri,

Nimesoma mara mbili kama ulivyoagiza. Sikuona cha kuwasomea majirani. Wana kazi.

Kitu kimoja nilikiona lakini. Barua umeiandika nyuma ya karatasi ya bei za vyakula, na ina doa la mafuta pale pale ulipoandika kwamba macho hayafiki. Kwa hiyo ama umekuwa bwana mkubwa wa kula hotelini kila siku, ama uko jikoni. Mimi sisemi kitu.

Huku kwenye viazi mambo ni haya. Chumba cha mbele kimejaa friji za watu. Ya mwenye duka la dawa umeiacha tumbo wazi, nyaya zinaning'inia. Ya bibi wa maziwa umeing'oa mpira wa mlango, na mpira wenyewe hauonekani. Wanakuja asubuhi wamekunja uso, wananiuliza fundi yuko wapi, nawajibu fundi amekwenda kutazama ngazi. Wanadhani nawatania. Binti yako naye aliniuliza kwani hapa kwetu hakuna ngazi. Nikampeleka kwenye zile za kituo cha afya, akapanda, akashuka, akasema, "Si hizi hapa? Mwambie arudi." Basi nimekwambia.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonikalisha kuandika. Mvua zikianza, natoa vyombo vyako kwenye kile chumba na kuingiza cherehani yangu. Nimechoka kushona pembeni mwa kitanda. Nikigeuka nagonga ukuta, na mteja akija namsimamisha koridoni nimpime huku wageni wanapita. Unajua vizuri chumba kile kilikuwa cha nani kabla hakijawa chako. Ukiwa hapa mvua zikianza, tutakaa tuzungumze kama mtu na mkewe. Usipokuwepo, nitajua umehama, hukusafiri.

Mkeo, mpaka sasa.


Tarehe 14 Machi

Mke wangu,

Unanitisha na chumba? Nimecheka mpaka wenzangu wakageuka. Kichukue. Shona humo hadi macho yaingie ndani. Mtu anayefungua dirisha asubuhi akaliona ziwa hababaishwi na chumba chenye harufu ya gesi na matambara. Hao wenye friji nao waambie wanunue mpya, kama wanazo hizo fedha wanazojisifia.

Na hilo doa la mafuta lisikunyime usingizi. Nakaa kwenye nyumba ya wageni, chini ya ngazi zenyewe kabisa, nashughulika na mambo ya wageni. Siku moja moja napita jikoni kusimamia. Mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo, amegundua nina utaalamu, akaniomba nimwangalizie mtambo wao wa baridi. Nilimkubalia kwa heshima tu.

Lakini ngoja niseme lililo moyoni, kwa sababu umelichokoza. Hunielewi kwa kuwa siku ile ukumbini hukuwepo. Ulisema una nguo za wateja. Ungemwona yule mwanamke wa ngazini! Mwanamume amekuja na begi, amepoteza kila kitu, hana mbele wala nyuma, na yule mwanamke anashuka taratibu, anamtazama usoni, anamwambia maneno ambayo mimi tangu nizaliwe sijaambiwa na mtu. Nililia gizani kama mtoto. Wewe katika miaka yote ya ndoa yetu umeniambia nini? Vua viatu. Funga bomba. Mwenye duka la dawa amekuja. Hujawahi kuniambia neno hata moja linalofanana na lile. Hilo ndilo nililolifuata huku, si ngazi.

Mumeo, bado.


Tarehe 30 Machi

Bwana,

Mtambo wa baridi. Yaani friji. Umevuka nchi na nchi kwenda kutia kichwa ndani ya friji ya mtu mwingine. Hongera sana.

Naomba kitu kimoja. Hayo maneno ya mwanamke wa ngazini niandikie, yote, kama unavyoyakumbuka. Usitie chumvi yako.

Mawingu yameanza kukusanyika.

Mama wa binti yako.


Tarehe 16 Aprili

Mke wangu,

Nilijua tu utalainika. Kuomba kufundishwa si aibu, hata ukubwani. Haya, chukua kalamu unakili, maana nayajua kwa moyo:

"Hapa hatumwulizi mtu amepoteza nini. Weka begi chini, kaa. Kesho tutajua la kufanya."

Ni hayo tu. Ona yalivyo mepesi. Hamna lawama ndani yake, hamna bei ya viazi. Mwanamke wa kwetu angeanza na kuuliza umechelewa wapi na viatu vimepata wapi tope. Watu wa huku wamelelewa vingine, wana upole ambao ninyi hamwezi kuununua sokoni. Yabandike ukutani juu ya cherehani yako, uwe unayasoma unaposhona. Pengine yatakuingia, na siku nikija kuwatembelea nikute mtu mwingine.

Kitu kidogo kimenishangaza. Juzi nilimwambia mwenye nyumba ya wageni maneno hayo hayo, kwa lugha yao kadiri ninavyoijua. Nilitaka aone kwamba mimi si mgeni wa kupita. Akanitazama, akawaita wenzake, nikayarudia mbele yao, wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Nadhani matamshi yangu bado hayajakaa sawa. Mpishi anayo ile filamu, ameahidi kuniwekea siku ya mapumziko, ili niyasikie kwa mdomo wa mwenyewe.

Kuhusu chumba, usikimbilie. Hata mtu aliyehama anapenda kujua vyombo vyake havinyeshewi.

Mumeo.


Tarehe 4 Mei

Wewe Spika,

Sikuiti shemeji. Tapeli mkubwa wewe.

Jana nimeitazama ile filamu bila domo lako. Mpishi alikaa kando yangu akinifafanulia pole pole, kwa mikono na kwa yale maneno machache ninayoyajua. Mwanamke anashuka, anamtazama mwanamume usoni, na unajua anamwambia nini? "Nafasi zimejaa. Na hilo begi usiliache hapa, watu watajikwaa." Basi! Hakuna zaidi. Nilimwambia mpishi arudishe nyuma, akarudisha. Nikamwambia tena, akarudisha tena, mpaka akaniuliza kama nina ndugu yangu humo ndani. Nafasi zimejaa. Hata lile tabasamu lake ni la dharau. Na pale mwanamume anapopanda ngazi, ambapo wewe ulituambia kwa sauti ya kilio kwamba sasa anakwenda kuonyeshwa chumba chake, anapanda kwa sababu stendi ya mabasi iko huko juu!

Nimeacha nyumba. Nimeacha mtoto. Nalala chini ya ngazi, kwenye kijichumba kisicho na dirisha, nyayo za watu zinanipita juu ya kichwa. Nasugua masufuria mpaka kucha zimelainika. Yote hayo kwa uongo ulioupika wewe, umekaa umenyoosha miguu, soda mkononi. Ile lugha ulisema umeisomea wapi? Nijibu.

Aliyekuwa shemeji yako.


Tarehe 19 Mei

Shemeji, utake usitake,

Ile lugha siijui. Sijui hata maji wanayaitaje. Ukumbi mzima unalijua hilo na ndiyo maana unajaa. Ni wewe peke yako uliyekuwa unakaa pale mbele umeshika tama, unaitikia kwa kichwa kama uko msikitini au kanisani.

Kazi yangu ni hii. Napunguza sauti ya filamu, natazama nyuso. Mtu akikunja uso namwekea msiba. Akitazama dirishani namwekea mapenzi. Mbwa akibweka namsemea na mbwa. Majuzi nimemfanya jambazi ambembeleze mama yake amsamehe, watu wakapiga makofi wakaomba nirudie. Hakuna hata mmoja aliyefunga begi kwenda kumtafuta huyo mama. Wewe mtu mzima, fundi wa watu, baba wa mtoto, unapanda basi, meli, na basi tena, kwa maneno ya mtu anayemsemea mbwa! Nilipoambiwa umeondoka kweli nilidhani ni mzaha, nikaja mpaka kwenu kuhakikisha. Nilimkuta dada anafagia chumba chako.

Sasa kwa kuwa umenitukana, nakupa na hili ulitafune. Maneno yale hata mimi si yangu. Yule mwanamke alinishinda. Midomo inacheza, uso hauonyeshi kitu, si hasira, si mapenzi. Nilikuwa naijaribu filamu pale nyumbani kwenu, televisheni nimeiweka juu ya friji mbovu, wewe umekwenda kwa mteja, dada yuko nyuma yangu anapiga pasi. Nikamwuliza, "Dada, huyu bwana amefika na begi, amechoka, kapoteza kila kitu. Huyu mama anamwambia nini?" Hakuinua hata kichwa. Aliyasema yale maneno pale pale, kama mtu anayetaja jina lake, akageuza shati upande wa pili. Nikayachukua yalivyo. Nilijua ameyabuni.

Barua zako amenisomea zote, tumecheka nyingine mpaka machozi. Alipofika kwenye ile ya kubandika ukutani hakucheka. Aliikunja akaitia mfukoni, akatoka nje, akaacha pasi juu ya nguo ya mteja. Imeungua. Dada yangu hajawahi kuunguza nguo ya mtu.

Shemeji yako, Spika.


Tarehe 2 Juni

Mke wangu,

Spika ameniandikia. Anasema ni wewe. Naona vigumu kuamini, maana nakujua, wewe si mtu wa maneno ya namna ile. Kama ni kweli, uliyatoa wapi? Ulimsikia nani akiyasema? Kama kuna mtu, mtaje, mimi si mtoto.

Vyovyote iwavyo, nimeamua kusamehe, na narudi. Nimewaaga hapa. Hawakunizuia sana. Ule mtambo wao, ile friji, niseme tu, nimeuacha unafanya kazi. Mwisho wa mwezi nitakuwa nyumbani. Chumba kiache kilivyo, nitaanza na friji ya mwenye duka la dawa. Mwambie binti namletea jiwe la buluu, nimelibandua mwenyewe kwenye ngazi.

Nina ombi moja. Ukiniona mlangoni na begi langu, usianze na maswali yako. Niambie yale maneno, niyasikie yanavyotoka kwako. Nadhani nastahili hilo, baada ya yote niliyopitia.

Mumeo, anayerudi.


Tarehe 15 Juni

Bwana,

Unauliza niliyatoa wapi. Kaa chini.

Siku uliyofukuzwa kazi kwenye kiwanda cha barafu ulikuja nyumbani mchana, begi la zana begani, umelowa chapachapa. Binti alikuwa tumboni. Ulisimama mlangoni, huingii hutoki, ukaanza kunieleza nani kakusingizia na nani kakuchongea. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani. Niliinuka nikakwambia, "Hapa hatumwulizi mtu amepoteza nini. Weka begi chini, kaa. Kesho tutajua la kufanya." Unakumbuka ulijibu nini? Uliniuliza, "Chai ipo?" Nikakupa chai. Na kesho yake, wewe umelala, nilitoa cherehani kwenye kile chumba peke yangu, na tumbo langu lile, nikaiburuta mpaka pembeni mwa kitanda, ili upate pa kuweka friji yako ya kwanza. Hilo ndilo lilikuwa la kufanya. Ulipoamka ulisema chumba kina joto.

Kwa hiyo hakuna mtu niliyemsikia. Yalikuwa yangu, nikakupa, ukayanywa na chai.

Halafu ukaja kuyasikia kwa Spika, amebana pua ajifanye mwanamke, ukalia gizani. Ukasema hujawahi kuambiwa na mtu. Ukaniagiza niyabandike ukutani nijifunze upole wa watu wa huko. Niliumia. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu sitaandika tena. Niliumia kuliko siku ulipoondoka, maana siku ile nilidhani nimeachwa na mtu aliyenijua. Na sasa unaniambia umeamua kusamehe. Sijui umemsamehe nani, na kosa lake nini, lakini mpe salamu.

Mvua zilianza, zikanyesha, zimekwisha. Friji za watu amezichukua fundi wa ng'ambo ya barabara. Ule mpira wa bibi wa maziwa ulikuwa chini ya meza yako, ulikuwa unaukanyaga siku zote hizo. Chumba nimekipaka chokaa, cherehani iko dirishani, na asubuhi mwanga unaingia mpaka kwenye sindano. Mwenye duka la dawa ameniletea sare za wafanyakazi wake wote. Wateja nawapima wamekaa kwenye kiti, kama watu. Zana zako ziko kwa Spika kwenye sanduku, nimezipaka mafuta zisishike kutu. Binti njoo umwone siku yoyote, kwake yeye wewe hujahama. Hilo jiwe mpe, lakini usimwambie ulilibandua kwenye ngazi za watu.

Umeomba ukisimama mlangoni na begi lako nisianze na maswali, nikwambie maneno. Nimekubali. Nitakwambia, tena ya filamu yenyewe, maana Spika amenisomea barua uliyomtukana, yale uliyovuka nchi na nchi kuyafuata, usije ukasema sisi wa huku tumetia chumvi. Yasome sasa, ili ukifika uwe umeshayazoea.

Nafasi zimejaa. Na hilo begi usiliache hapa, watu watajikwaa.

Fundi cherehani, chumba cha mbele.